Ziwa Halihami

Harufu ya chumba cha gesti kilichofungwa muda mrefu naijua kuliko harufu ya jikoni kwetu. Ni harufu ya godoro la sponji lililonyonya jasho la watu waliokwisha kuondoka, ya dawa ya mbu iliyoungua ikabaki majivu kwenye kisahani, ya vumbi jekundu lililopenya chini ya mlango likalala juu ya shuka kana kwamba nalo limelipia. Mpaka leo nikifunguliwa chumba popote pale, hata kama ni hoteli yenye kiyoyozi na maua mezani, pua yangu huitafuta harufu hiyo kwanza. Nikiikosa nafurahi, lakini furaha yenyewe haidumu. Utotoni kwangu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya likizo, na likizo ya mwisho tuliyokwenda sote wanne ndiyo ninayotaka kuisimulia. Si habari ya kuchekesha, na najua kaka yangu akiisoma atanuna.

Tulikaa Isaka, pale kwenye reli ya Tabora na Mwanza ambapo mizigo hushushwa na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Baba alikuwa karani wa mizigo katika bandari kavu. Watoto tulikuwa wawili tu, mapacha: Kulwa aliyetangulia, na mimi Doto niliyefuata nikilia, na kwa maneno ya mama sijanyamaza tangu siku ile. Majirani zetu, likizo ya mwezi wa sita ikifika, waliwapeleka watoto kwa bibi zao wakavune pamba na kuchunga ng'ombe. Baba hakutaka hilo. Aliwahi kuwasikia wakubwa wa ofisini wakizungumzia kwenda likizo na wake zao na kulala hotelini, maneno hayo yakamwingia moyoni yasitoke tena. Alisema na sisi ni watu wa ofisini, na sisi tutakwenda likizo, tutalala kwenye vitanda vya kulipia na kupikiwa na mtu mwingine. Tatizo ni kwamba mshahara wake haukuwa umesikia habari hizo.

Basi akabuni njia yake, na sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyeitumia. Huku kwetu, kuanzia Kahama kuelekea Geita, vijiji huzaliwa na kufa kwa ajili ya dhahabu. Mtu hulima mtama wake, jembe likagonga jiwe linalong'aa, na kabla mwezi haujaisha shamba limejaa watu kutoka kila pembe ya Tanzania. Wenyewe huita rashi. Gesti hujengwa haraka haraka, matofali ya udongo na bati juu, na chumba ambacho hata mbuzi angekigomea hupangishwa kwa bei ya mjini. Halafu dhahabu inakatika. Wachimbaji wanasikia habari za shamba jingine mbali huko, wanahama wote kwa mara moja, na mwenye gesti anabaki na vyumba vyake na funguo zake. Madereva wa malori ndio walioleta habari hizo Isaka. Mwingine aliposikia kwamba mahali fulani watu wamehama alisikitika. Baba alifurahi, kwa sababu alijua huko vyumba vimeshuka bei. Hivyo ndivyo tulivyochagua pa kwenda likizo. Ninyi wasomaji wangu niambieni, nani huenda kustarehe mahali ambapo hata wenyeji wamepakimbia? Sisi.

Tena alikuwa na ufundi wake wa kupatana bei, na ulikuwa ufundi kweli. Hakuanza kwa kuuliza chumba ni kiasi gani. Alisalimia kwanza kwa heshima zote, akakaa kwenye benchi barazani, akampa mwenye nyumba pole kwa kukimbiwa na wateja. Huku anazungumza, macho yake yanatembea kwenye milango: wenye kufuli kwa nje ni chumba kitupu. Yanatembea kwenye kamba za kuanikia: hakuna shuka, hakuna mgeni aliyelala jana. Akishajua njaa ya nyumba ndipo alipotaja bei yake. Mwisho alitoa silaha yake kubwa, kulipia wiki nzima papo hapo mkononi. Kulwa akilalamika kwamba kitanda kina kunguni, baba alijibu kwamba haba na haba hujaza kibaba, kisha akaongeza usemi wake mwenyewe alioupenda kuliko methali zote: "Ukishafumba macho, vyumba vyote ni kimoja."

Mama hakuwahi kuomba chumba kizuri. Aliomba ziwa. Alikulia Didia, kwenye nchi kavu, ambako utotoni mwake maji ya kunywa yalikuwa yakichimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, unachota kwa kibuyu, unasubiri yajae tena, unachota. Shangazi yake mmoja alikuwa ameolewa upande wa Sengerema, na kila alipokuja kusalimia alisimulia juu ya maji yasiyo na ng'ambo: unasimama ukingoni, unatazama, macho yanafika mwisho wa nguvu zake na maji bado yanaendelea. Watoto wa Didia walimwona yule shangazi mwongo. Mama peke yake alimwamini. Akakua na hamu hiyo, akaolewa nayo, akatuzaa nayo, na kila mwaka baba alipoanza kusikiliza madereva, mama alisema, twendeni ziwani. Na kila mwaka baba alijibu kwa upole, maana hakuwa mtu mkali, kwamba Mwanza mwezi wa sita bei ziko juu, tungoje kidogo. "Ziwa halihami, Mama Kulwa." Sisi tulicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Ziwa litahamia wapi?

Kilichokuwa kinahama ni kitu kingine, nacho hatukukiona ingawa kilikuwa mbele yetu kutwa nzima. Mama alianza kuchambua mchele akiwa amekaa mlangoni kabisa, ungo ameuinamia mpaka pua inakaribia kugusa. Uzi wa sindano alituletea sisi tumtungie. Bega lake la kushoto lilikuwa na alama kwa kugonga fremu ya mlango uleule alioupita miaka yote. Njiani watu walimwinulia mkono asiwajibu, na pale Isaka ikasemwa kwamba mke wa karani siku hizi anajivuna. Bandu bandu huisha gogo, lakini anayebanduliwa yeye mwenyewe hupiga kelele wapi? Alinyamaza. Mwaka ule tu, tukiwa tunakula, alirudisha tonge sahanini na kusema, "Baba Kulwa, mwaka huu nipeleke nikalione ziwa. Macho yangu hayaningoji." Baba alimtazama, kisha akatazama jiko letu la mafiga lililokuwa likifuka moshi wa miti ya pamba. Akasema ni moshi huo, miti ya pamba ina moshi mkali, atanunua mkaa. Kesho yake kweli akaleta gunia la mkaa, la bei ya chini bila shaka, lenye vumbi jingi kuliko mkaa wenyewe.

Likizo ilipokaribia, kwa mara ya kwanza hakutuambia tunakwenda wapi. Kila tukiuliza alitabasamu, akasema mtaona wenyewe. Nadhani alitaka tu kukwepa manung'uniko. Lakini mama alitafsiri ile siri kwa namna nyingine. Alitoa sandukuni vitenge alivyokuwa akiviweka kwa ajili ya harusi za watu, akavipasi, akakaanga karanga na kufunga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani. Tulipata lifti ya lori la rafiki yake baba hadi Kahama, tukapanda basi dogo hadi Kharumwa, na toka hapo tukapakiwa kwenye baiskeli za abiria, mimi na mama tumefuatana. Nakumbuka mama alimuuliza yule kijana wa baiskeli kama njia hii inaelekea upande wa Sengerema. Kijana akasema ndiyo, mama, huko mbele sana. Mama hakusikia ile "sana," au hakutaka kuisikia. Alianza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo wa Kisukuma wa kulimia, na mimi nyuma nikafurahi bila kujua kwa nini.

Gesti ilikuwa ya Mama Sabina, mwanamke wa Singida aliyekuja na rashi akiuza chapati, akapata, akajenga vyumba vingi vya kupangana mistari miwili na ua katikati. Sasa milango karibu yote ilikuwa na kufuli. Karasha, mashine ya kusagia mawe, ilisimama mbele ya ua imeota kutu, na kuku wamelala ndani yake. Kote kuzunguka kijiji kulikuwa na maduara, ndivyo wachimbaji waitavyo mashimo yao, mengine yamefunikwa kwa matawi, mengine yako wazi kabisa. Baba akaketi, akatoa pole zake, akapatana. Ili bei ishuke zaidi akaongeza kwa mdomo wake mwenyewe kwamba analipa wiki nzima, na hata tukiondoka kesho hatadai irudi hata senti. Mama Sabina alipokea zile fedha kwa mikono miwili. Halafu tukafunguliwa chumba, na ile harufu ikatoka kutupokea.

Asubuhi yake kulikuwa na baridi na upepo wenye vumbi, ule wa mwezi wa sita. Baba aliamka na furaha kwa kuwa Mama Sabina alituandalia uji wa ulezi na vitumbua, akasema twendeni tukatembee. Nyuma ya karasha, baada ya vichuguu vya mchanga uliokwisha kuoshwa, palikuwa na dimbwi. Wachimbaji walilichimba wapate maji ya kuoshea mchanga wao wa dhahabu, na mvua ikalijaza. Lilikuwa pana kama uwanja wa shule na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, ila jua la asubuhi lilikuwa limelipiga likawa linameremeta. Baba akasimama, akamshika mama begani, akasema kwa sauti ya kutangaza, "Haya, Mama Kulwa, umenisumbua miaka. Ziwa lako hili hapa."

Ulikuwa utani. Kulwa na mimi tuliangua kicheko, Kulwa akaokota jiwe akalirusha majini, chubwi. Mama hakucheka. Alijifunga kitenge chake vizuri, akasogea hatua chache, akainua kidevu. Alisimama hivyo kwa muda, uso wake umetulia kama wa mtu anayeombewa. Kisha akauliza taratibu, kwa heshima, "Ng'ambo yake inaonekana?" Kulwa akacheka zaidi akidhani naye anatania. Mimi nikatazama ng'ambo. Palikuwa na mbuzi watatu wanakunywa maji, na mwanamke anasugua sufuria kwa mchanga, ambaye alikuwa ametusalimia sasa hivi tu, akisema mwangaluka, na sisi tukamwitikia bila kupaza sauti, alivyokuwa karibu. Nikamtazama mama. Alikuwa bado anangoja jibu.

Kicheko cha baba kilikatika. Akamzunguka akasimama mbele yake, akamuuliza anaona nini. Mama akasema anaona weupe, weupe mwingi mzuri. Baba akauliza, na mbuzi je? "Mbuzi gani?" mama akasema. Nadhani mmoja wa wale mbuzi alilia wakati huo, maana niliona uso wa mama unabadilika, akageuza sikio, akapima umbali kwa sauti ile, akaelewa kwamba hapakuwa na ziwa. Hakumlaumu mtu. Alisema tu jua limekuwa kali, turudini, na aliponyoosha mkono kunitafuta nilimpa wangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Niliumia kwa namna ambayo mtoto hajui aipeleke wapi, nikamkanyaga Kulwa mguuni makusudi, naye kwa mara ya kwanza maishani hakunirudishia.

Baba alikwenda moja kwa moja kwa Mama Sabina kuomba fedha zake. Alitaka tuondoke siku ileile, twende Mwanza, ziwani, hata kama tutalala stendi. Mama Sabina alishika mdomo. Fedha zilikuwa zimeshaondoka alfajiri kwa baiskeli hadi basi la Kharumwa, kwenda Singida kumlipia mwanawe shule, na hakuwa na mteja mwingine wa kumpa za kurudisha. Wala hakumkumbusha baba maneno yake ya jana. Mdomo huponza kichwa, na baba alilijua hilo bila kuambiwa. Mfukoni alikuwa amebakiza nauli ya kurudi Kahama, ambako lori la rafiki yake lingetuchukua baada ya wiki. Tukakaa. Wiki ile tuliyoinunua kwa bei nzuri tuliikaa yote, chumba kilekile, uji uleule, na baba hakutania tena. Nilimwona akienda porini na panga, akirudi ameburuta matawi ya miiba, akiyazungushia maduara yote yaliyokuwa kati ya chumba chetu na choo. Mikono ilimtoka damu. Alipomaliza alimshika mama akamtembeza njia ile, kwenda na kurudi, mpaka mama akasema inatosha, Baba Kulwa, nimeijua.

Hospitalini Shinyanga walisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na hakikulindika. Kila akiba iliyokuwa ya likizo ikageuka matone ya macho. Hatukwenda tena popote. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, wanasema watu, lakini wanalisema kwa wepesi. Kwetu baba hakuweza tena hata kulitaja neno ziwa. Akisoma gazeti kwa sauti ili mama asikie, na kwenye habari pakawa na ziwa, aliruka mstari, na mama alijua ameruka. Ziwa halikuhama, hilo lilikuwa kweli mpaka mwisho. Tulikuwa tumekosea tu kuangalia kisichohama.

Siku hizi ninauza vifaa vya ujenzi Geita mjini, na ninavuka maji kufuata mzigo Mwanza, zamani kwa kivuko, sasa juu ya daraja. Ufundi wa baba nimeurithi wote. Sihesabu tena kufuli milangoni. Natelezesha kidole kwenye simu, nalinganisha hoteli, najua siku za katikati ya wiki bei hushuka, na najua ukimpigia mwenye hoteli moja kwa moja atakupunguzia kuliko mtandao. Kuna mahali pamoja tu panaponishinda. Simu huandika kwamba ukilipa sasa hivi, bila haki ya kurudishiwa, utapunguziwa sana. Kitufe hicho sijawahi kukibonyeza. Wenzangu dukani hunicheka, wanasema mtoto wa Kisukuma anatupa hela. Nawaacha wacheke.

Mwezi wa sita uliopita nilikwenda Isaka kuwachukua wazazi. Nilikuwa nimepata hoteli nzuri Mwanza, nikawasomea barazani: vyumba vya mbele vinatazama ziwa na ni ghali, vya uani vinatazama maegesho ya magari na ni nusu ya bei. Baba, ambaye sasa ni mzee wa fimbo, alisema haraka, "Chukua cha mbele." Mama akacheka. Yeye hupenda utani, na upofu haukumnyang'anya hilo. Akasema cha mbele ni cha nini, hela zitakazobaki tule sato. "Si wewe, Baba Kulwa, uliyetufundisha? Ukishafumba macho, vyumba vyote ni kimoja." Hakuwa na ubaya, namjua mama yangu, alitaka tu tucheke. Baba aliinuka akasema anakwenda kuwatazama kuku. Alikaa huko mpaka kuku wakaingia bandani, na nilipomfuata nilimkuta ameegemea ukuta, anajifuta uso kwa kofia. Nikarudi nikachukua cha mbele.

Chumba kilinukia sabuni na ndimu. Nilinusa kona zote, ile harufu yetu haikuwapo. Kitanda kilikuwa kipana, shuka nyeupe, na nikawaza kwamba haya yote yangemfaa zaidi yule mwanamke wa michembe aliyeimba juu ya baiskeli. Zamani alikuwapo mwenye macho na fedha hazikuwapo. Sasa fedha zipo, na ninazitumia kununua dirisha. Baba alimwongoza mama hadi kwenye kiti pale dirishani, akavuta pazia, akafungua kioo. Upepo wa maji ukaingia. Mama akainua kidevu, vilevile, kama kwenye dimbwi la Mama Sabina.

"Baba Kulwa," akasema, "ng'ambo yake inaonekana?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na mifuko mikononi. Ng'ambo ilikuwa inaonekana vizuri kabisa. Kulikuwa na vilima, mabati ya nyumba yanang'aa, boti inavuka kuja upande wetu, hata moshi wa mtu anayepika. Baba alitazama kote huko bila haraka. Kisha akaushika mkono wa mama.

"Haionekani, Mama Kulwa. Ni maji tu, mpaka mwisho."

"Basi shangazi hakuwa mwongo," mama akasema, akaegemea kiti. Nikaweka mifuko chini taratibu, nikatoka, nikaurudishia mlango.